Klipu za Taa ya Mbele Zilizogoma: Namna ya Kuzitoa Bila Kuvunja Taa

Taa ya mbele ya gari kuukuu ikikataa kutoka, lawama hupewa bolti, kumbe bolti haina neno. Utaitia soketi ya namba kumi, italia kidogo, itakubali. Kinachogoma ni klipu, kile kidude cheusi cha plastiki, kikubwa kama kifungo cha koti, ambacho kimekaa juu ya redieta miaka kumi na tano kikipikwa na joto la injini na kumeza vumbi la barabara zetu.

Nilijifunza kwa hasara. Jioni moja nje ya ploti yetu Umoja, niliipania taa ya kushoto ya Corolla yangu kwa bisibisi bapa kubwa, nikakandamiza kama mtu anayefungua mkebe wa rangi. Klipu haikutikisika. Kilichoruka ni sikio la taa, kile kishikio cha plastiki kinachotokeza juu yake na kupigwa bolti kwenye fremu, likatumbukia nyuma ya grili. Klipu niliyokuwa nikiihurumia haifiki bei ya soda. Taa niliizungukia Kirinyaga Road, mtaa wa spea ambao wengi bado huuita Grogan, asubuhi nzima, huku nikikumbuka ule utani wa zamani wa Nairobi kwamba pale waweza kuuziwa taa ya gari lako mwenyewe.

Kwa hiyo kila nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye hesabu hiyo: klipu ni ya kutupwa, sikio la taa ni la kulindwa. Ukifika mahali lazima kimoja kivunjike, vunja klipu, tena uivunje kwa makusudi.

Kabla hujashika bisibisi

Kwanza hakikisha kweli unataka kutoa taa. Kama shida ni balbu tu, magari mengi ya zamani yanakuruhusu kupitisha mkono nyuma ya taa. Balbu ya H4, ile ya 60/55 W iliyo kwenye Corolla na pikapu nyingi za rika lake, hutoka hivi: chomoa plagi yenye miguu mitatu, bandua kofia ya mpira, kisha utakutana na klipu ya waya iliyobana balbu. Wengi hushindwa hapo hapo kwa kuivuta nje. Haivutwi. Isukume ndani kuelekea kwenye taa, halafu iteleze pembeni itoke kwenye ndoano yake, nayo itafunguka kama kiwiko cha mlango mdogo. Ikiwa imeshika kutu, tia tone moja la mafuta ya kupenyeza kwenye ndoano, subiri dakika tano, sukuma tena kwa bisibisi nyembamba huku kidole kingine kikiushikilia waya usirukie mbali. Na balbu mpya usiiguse kioo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huunguzwa na joto la halojeni na balbu hufa mapema.

Ikiwa ni taa nzima inayotakiwa kutoka, iwe imepasuka, imeingia maji, au unaipeleka kupigwa msasa, basi endelea.

Zima gari, acha taa zipoe, toa waya hasi wa betri. Kwa magari yenye taa za zenoni hilo si la hiari. Wakati wa kuwaka, mtambo wake hutoa umeme wa zaidi ya volti 20,000, na hakuna taa yenye thamani ya kukufanya uuonje.

Kabla hujatoa kitu chochote, hata huo waya wa betri, fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Jioni, ukiwa bado na taa zote mbili, simamisha gari mahali pa tambarare likitazama ukuta, mita tano hivi. Washa taa za chini, bandika vipande vya utepe wa karatasi pale mwanga unapokatika, na utie alama ya chaki magurudumu yaliposimama. Utashukuru wakati wa kurudisha.

Kazi yenyewe ifanye saa sita au saba mchana. Asubuhi za Julai hapa Nairobi plastiki kuukuu huwa kama biskuti. Boneti iliyokaa juani kwa muda wa saa mbili hufanya nusu ya kazi bila malipo.

Vifaa si vingi: soketi ya namba kumi na mpini mrefu, bisibisi ndogo mbili bapa, bisibisi ya nyota, koleo la mdomo mwembamba, mkasi wa kukatia nyaya, mswaki mzee, maji ya sabuni, tochi, na utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Kile kijiti chenye ncha ya uma cha kung'olea klipu kinauzwa kwenye maduka ya spea, nacho ni kizuri. Mimi natumia kisu cha kulia nilichokipasua ncha kwa tupa, na hakijawahi kunitupa.

Sasa osha. Naweka hili kama hatua kamili kwa sababu nimeona klipu nyingi zilizoitwa "zimekufa" zikifufuka kwa mswaki. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta ya injini hugeuka saruji ndani ya ule mwanya mwembamba kati ya kipini cha katikati na kichwa cha klipu. Sugua kwa maji ya sabuni, acha yaingie, sugua tena. Kama jirani yako ni fundi wa pancha, mwombe akupulizie upepo wa kompresa, na ufumbe macho.

Mwisho wa maandalizi, bandika utepe kwenye ukingo wa bampa na fenda karibu na taa, tabaka mbili. Na ulaze kitambaa juu ya mwanya ulio kati ya redieta na bampa. Kipini kikidondokea mle ndani, utakitafuta mpaka magharibi.

Ijue klipu kabla ya kuivuta

Hapa ndipo penye kazi. Klipu haishikwi na nguvu, inashikwa na ujanja wa aliyeichora, na kila aina ina ujanja wake. Fundi mmoja mzee wa bodi kule Grogan aliniona nikihangaika na klipu nyingine, siku ile ile niliyokwenda kutafuta taa. Akanisogelea akasema, "Kijana wangu, unaivuta kwenda wapi na bado umeifunga?" Akatoa mfukoni spoku ya baiskeli aliyoisaga ncha ikawa butu, akaiweka katikati ya klipu, akabonyeza kwa kidole gumba. Ikasema *tik*. Kipini kilizama milimita mbili au tatu. Akaingiza kucha chini ya kichwa, klipu ikatoka mzima.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza, ya kubonyeza, na ndiyo utakayoikuta kwenye Toyota nyingi. Ina duara ndogo katikati ya duara kubwa, na vyote viko sawa juu. Kipini cha katikati ndicho kinachotanua miguu ya klipu chini ya bati. Ukikibonyeza kidogo, miguu inajikunja. Ukikibonyeza sana, kinapita hadi ndani na kuanguka, kwa hiyo ukisikia *tik*, simama. Anayeng'ang'ana kuivuta kichwa bila kubonyeza anavuta miguu iliyotanuka, na hapo plastiki ya karibu ndiyo itakayolipa.

Aina ya pili inafanana nayo ila hufanya kinyume: kipini huvutwa juu. Utaitambua kwa vijipengo viwili pembeni mwa kipini, vya kuingizia bisibisi. Inua upande mmoja kidogo, hamia wa pili, rudi wa kwanza. Ukiinua upande mmoja tu mpaka mwisho, kichwa cha kipini kitakatika na mwili ubaki umefungwa.

Aina ya tatu ina alama ya nyota kana kwamba ni skrubu. Huzungushwa kushoto, robo mzunguko au zaidi kidogo, kipini kipande. Ikiwa imezeeka, huzunguka bure kama kifuniko cha chupa kilichoharibika. Dawa yake ni mikono miwili: mmoja unazungusha, mwingine unatia bisibisi bapa chini ya ukingo wa kipini na kukiinua kidogo wakati huo huo. Na jihadhari na jambo moja kuhusu skrubu za magari ya Kijapani. Nyota yake si sawa kabisa na nyota ya bisibisi nyingi zinazouzwa mjini. Ile ya Kijapani ina ncha butu zaidi. Ndiyo maana bisibisi yako inaruka na kukomba plastiki. Sukuma kwa uzito wa mwili kwanza, ndipo uzungushe. Wengine husaga ncha ya bisibisi ya kawaida kidogo kwenye jiwe ili ikae hadi chini.

Aina ya nne ni mti wa Krismasi: kishina chenye matawi yanayotazama nyuma. Haina kipini wala ujanja. Iliumbwa kuingia, kutoka si kazi yake. Ingiza uma karibu kabisa na shina, si kwenye ukingo wa kichwa, kisha inua wima. Mara nyingi matawi yatabaki ndani. Usijali, nunua nyingine.

Kuna pia magari ya Ulaya, baadhi ya Volvo kwa mfano, ambayo taa yake imeshikwa na fimbo ndefu za chuma zinazovutwa kwenda juu. Ikiwa zimeshika kutu, usizipige nyundo kutoka juu. Nyunyizia mafuta ya kupenyeza mahali fimbo inapopita kwenye kishikio, acha usiku mzima, asubuhi ishike kwa koleo, izungushe kushoto na kulia kwanza, ndipo uvute. Gari lililotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililoishi Mombasa miaka mingi, hapa ndipo litakapokuonyesha asili yake.

Ikigoma bado

Umeosha, umeitambua, umeifuata ujanja wake, nayo imekataa. Panda ngazi hii polepole.

Joto kwanza. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kilaze juu ya klipu dakika mbili, rudia mara mbili au tatu. Kikausha nywele ni kizuri zaidi ukikishika umbali wa shibiri na kukisogeza sogeza. Moto wa kiberiti au ule wa mashine ya kuchomelea plastiki usiusogeze hapo. Na maji yanayochemka usiyamwage juu ya taa yenyewe. Lenzi za kioo za magari ya zamani sana hupasuka.

Baada ya joto, utelezi. Maji ya sabuni ya vyombo, au mafuta ya silikoni, matone mawili kwenye mwanya wa kipini. Petroli na tina ya rangi ziache mbali kabisa. Najua kila gereji ina mkebe wa petroli wa kusafishia, lakini lenzi za magari ya kuanzia miaka ya 1990 nyingi ni polikaboneti, na vimiminika hivyo huifanya iote nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa.

Kisha jaribu kuinua kwa bisibisi mbili, moja kila upande, kama vijiko viwili vinavyonyanyua yai kwenye sufuria. Chini ya kila bisibisi weka kipande cha kadi ili egemeo lisichimbe plastiki ya taa. Bonyeza zote mbili kwa pamoja. Angalia sikio la taa wakati unafanya hivyo: likianza kupinda au kuwa jeupe, acha hapo hapo. Weupe ule ni plastiki inayoanza kuchanika.

Na kama imekataa hata hapo, iue. Kata kichwa cha klipu kwa mkasi wa nyaya, kidogo kidogo kwa kuzunguka, mpaka kibaki kishina. Sukuma kishina chini kwa ncha ya bisibisi. Kitaangukia kwenye kitambaa ulichoweka. Ikiwa mkasi haufiki, toboa katikati kwa drili, ukianza na ncha ya milimita 3, kisha 5. Zungusha ncha polepole, na ufunge utepe juu yake sentimita moja na nusu kutoka mwisho, ili ujue pa kusimama. Nyuma ya klipu kuna redieta ya kiyoyozi, na tundu moja kwenye ile litakugharimu kuliko taa mbili.

Tangu nianze kuziua mapema, hasira zangu zimepungua sana.

Plagi na kishikio kilichojificha

Bolti na klipu zikishatoka, taa bado haitakuja, na hapa watu wengi huongeza nguvu mahali pasipotakiwa. Kwanza kagua kwa tochi bolti za pembeni na chini. Magari mengi yana moja iliyofichwa nyuma ya bampa, na utalazimika kutoa klipu za juu ya bampa na skrubu iliyo ndani ya upinde wa gurudumu ili pembe ya bampa ivutike vidole vitatu mbele. Usilegeze tu kisha uvute. Bampa pia ina masikio.

Pili, upande wa fenda mara nyingi kuna kijiti cha plastiki cha taa kilichoingia kwenye kipete cha mpira. Hakina kufuli, kinabana tu. Shika taa kwa mikono miwili, karibu na kijiti hicho, ivute mbele moja kwa moja kufuata mstari wa gari. Ukiivuta ikiwa imepinda upande, kijiti hukatikia ndani ya mpira.

Taa ikija nusu, usiivute tena. Nyaya bado zimeishika. Ilaze juu ya taulo kwenye bampa, utafute plagi. Kila plagi ina kilimi cha kubonyeza, na kwenye gari kuukuu kilimi hicho ndicho chepesi kuvunjika kuliko vyote. Siri ni kuisukuma plagi ndani kwanza, kana kwamba unaifunga zaidi. Hilo huondoa mzigo kwenye kilimi. Ndipo ubonyeze kilimi na kuivuta kwa kushika plastiki, kamwe si nyaya. Kama kuna kifungio kidogo cha rangi nyingine, nyekundu au njano, kiteleze nje kabla ya yote.

Kurudisha

Usikimbilie kurudisha klipu zile zile. Chukua moja iliyo nzima uende nayo dukani. Muuzaji wa spea hahitaji jina, anahitaji kuiona. Linganisha mambo mawili: unene wa shina, ambao kwa kawaida huwa milimita 6, 7, 8 au 10, na urefu wake. Klipu nene kupita tundu ndiyo itakayokupa kazi hii yote tena mwaka ujao. Chukua na mbili za ziada.

Klipu za nailoni, hata mpya, huwa kavu. Nailoni hupata unyumbufu wake kutokana na maji iliyonyonya, kwa hiyo zitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka nusu saa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini hayo yanatosha. Mama watoto aliponikuta nikizichemsha aliuliza kama zina supu.

Kama sikio lilivunjika, usitupe taa. Baadhi ya watengenezaji, Toyota akiwemo, wana vishikio vya kurekebishia ambavyo hupigwa skrubu mahali pa sikio lililokatika, kwa baadhi ya modeli. Ikikosekana, fundi wa kuchomelea plastiki ataliunga kwa pasi ya moto na wavu wa chuma ndani yake. Gundi ya haraka pekee haitashika. Mtikisiko wa barabara huifungua ndani ya mwezi.

Sasa rudisha kwa mpangilio wa kinyume: plagi hadi isikike *tak*, kijiti ndani ya mpira, bolti zote kwa mkono kwanza bila kukaza. Klipu ya kubonyeza lazima itegwe upya kabla ya kuingia: sukuma kipini kutoka chini mpaka kitokeze juu ya kichwa, ingiza klipu kwenye tundu, kisha bonyeza kipini hadi kilingane na kichwa. Ukiisukuma ikiwa bado imefungwa, utaipasua miguu. Kaza bolti kwa kiasi. Zinaingia kwenye plastiki au bati jembamba.

Rudisha betri, washa, na usubiri jioni. Simamisha gari juu ya zile alama za chaki, uangalie kama mwanga umerudi kwenye utepe. Ukiwa umepotoka, kuna skrubu za kurekebishia nyuma ya taa, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Na kama umenunua taa nyingine, tazama umbo la mwanga wenyewe. Huku tunaendesha upande wa kushoto, hivyo mkato wa mwanga unapaswa kupanda kuelekea kushoto. Ukipanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na kila anayekuja mbele yako Thika Road atakumulikia kwa hasira. Irudishe dukani.

Siku ya pili pita kwenye matuta mawili matatu, redio ikiwa imezimwa. Ukisikia kitu kikigonga mbele, fungua boneti na upitishe kidole juu ya kila klipu. Ile ambayo kipini chake kimechomoza ndiyo haikufunga, ibonyeze. Zile mbili za ziada ziweke kwenye kidroo cha sarafu, pamoja na spoku.